Kulowa si kinga: ushauri kwa wanaoanza kazi na nanochembe za oksidi za metali

Hivi karibuni msomaji mmoja anayeanza utafiti wake wa uzamili aliniandikia akiuliza kama kweli analazimika kujikinga anapofanya kazi na mtawanyiko wa oksidi ya titani, maana chembe zimo ndani ya maji na haziwezi kupeperuka. Nilimjibu siku ileile. Hata hivyo, swali lake limenigusa mahali ambapo bado panauma, kwa hiyo nalijibu tena hapa kwa kirefu.

Nilipokuwa mwanafunzi niliomba kifaa cha kutawanya chembe kwa mawimbi ya sauti kihamishiwe ndani ya kabati la kufyonza hewa. Aliyekuwa akinisimamia alicheka mbele ya wenzangu na kusema kwamba woga huo ni wa watu wa poda, sisi tunashughulika na maji. Sikubishana naye, lakini nilikwenda kusoma, na kadiri nilivyosoma ndivyo nilivyozidi kuona kwamba ombi langu lilikuwa sahihi. Ncha ya kifaa kile inapotetemeka karibu na uso wa kimiminika hurusha ukungu wa matone madogo mno. Maji ya matone hayo hukauka hewani kwa muda mfupi, na kinachobaki kikielea ni zile chembe tulizodhani tumezifungia ndani ya chupa.

Ukubwa wa chembe si jambo dogo. Mwaka 2011 taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, NIOSH, ilipendekeza kwamba hewa anayovuta mfanyakazi isizidi miligramu 2.4 za oksidi ya titani ya kawaida kwa kila mita ya ujazo, lakini kwa chembe za kiwango cha nano, yaani zilizo chini ya nanomita 100, ikashusha kikomo hadi miligramu 0.3. Kemikali ni ileile, ila kikomo kimepungua mara nane, kwa sababu chembe zilizo ndogo zaidi zina eneo kubwa zaidi la uso kwa uzito uleule, na uso ndio unaokutana na mapafu.

Uso huohuo ndio unaoamua kama mtawanyiko utadumu au utatuama. Chembe huvutana kwa nguvu za van der Waals, yaani mvutano hafifu wa asili kati ya vitu vilivyokaribiana sana, na katika maji matupu kinachozitenganisha ni chaji inayotokana na oksidi kupokea au kutoa protoni kulingana na pH. Kila oksidi ina pH ambapo chaji hiyo hufikia sifuri: kwa titani ni karibu na 6, kwa zinki ni karibu na 9. Ukiikaribia, chembe hushikamana na kuzama, nawe utalaumu poda bila kosa. Wengi wetu hulenga potenshali ya zeta, yaani kipimo cha jinsi chaji hiyo ilivyo na nguvu, iliyo juu ya milivolti 30, iwe chanya au hasi. Chumvi nayo hufifisha chaji hata pH ikiwa nzuri, ndiyo maana mtawanyiko uliotulia katika maji safi huweza kuharibika mara tu unapomiminwa katika kimiminika cha kuoteshea seli. Tena msiichukulie zinki kama titani: titani huvumilia asidi ya pH 3, ilhali oksidi ya zinki huyeyuka humo na kuwa ayoni, na mtu akabaki anapima kitu ambacho hakipo tena. Usiigandishe chupa pia, kwa sababu barafu inapojiunda huzisukuma chembe pamoja, na mara nyingi hazitengani tena ikiyeyuka.

Ila kama una muda wa kuangalia jambo moja tu, angalia shingo ya chupa. Kila unapomimina, tone hubaki kwenye nyuzi za kifuniko na kukauka kuwa utando mweupe; siku nyingine unapokizungusha kifuniko, utando huo husagika na kuwa poda, sentimita chache kutoka puani mwako. Futa shingo kwa kitambaa chenye unyevu kabla ya kufunga. Badilisha glavu tone linapoziangukia, kabla halijakauka na kubanduka. Meza ifutwe ikiwa na unyevu, isifagiliwe kamwe.

Leo maabara ninayoiongoza ina utaratibu huo kwa maandishi, na mwezi uliopita maabara jirani waliomba nakala ili nao waufuate. Nilifurahi sana, sitaficha. Ndugu zangu mnaoanza, ombeni kabati, ombeni glavu, na msinyamaze kwa sababu mkubwa amecheka. Mapafu ni yenu, si yake.

Kuhusu mabaki, yasiende kwenye sinki, hasa ya zinki na ya shaba, ambayo huwadhuru viumbe wa majini. Yakusanywe katika chupa yenye lebo inayotaja oksidi, ukubwa wa chembe, kiwango chake na kimiminika kilichotumika. Hicho cha mwisho ndicho husahaulika zaidi, wakati mtawanyiko wa ethanoli hushika moto, na atakayeibeba chupa hiyo kwa kawaida ni mtu ambaye hakuwepo ulipokuwa ukiijaza.