Batani ya VSC (mfumo unaoizuia gari isiteleze ikapoteza njia): izimwe lini, iwachwe lini?

SWALI: Assalaam alaykum kaka. Mie dereva wa Wete, Pemba, natembeza wageni na RAV4, khasa njia ya Konde kupita msitu wa Ngezi mpaka Vumawimbi. Juzijuzi gari ilininasa mchangani kule pwani, nakanyaga mafuta inazubaa tu haina nguvu, akaja kijana mmoja akanambia shikilia hii batani yenye picha ya gari na mistari iliyopinda mpaka dashibodi iandike VSC OFF. Nikafanya, gari ikatoka. Tokea siku ile kila asubuhi nikiwasha gari naizima kabisa, naiona nyepesi, na wenzangu wanasema hata mafuta haili sana. Sasa mke wangu kaniuliza ile taa ya njano ya nini, sikuwa na jibu. Kuna ubaya kwenda nayo imezimwa siku zote?

JIBU: Waalaykum salaam ndugu yangu. Kijana yule kakusaidia na alichokwambia ni sahihi kwa pale mchangani. Ila ulipokanyaga njia ngumu isiyo mchanga tu ilitakiwa uiwashe, na nakuomba sana kuanzia kesho usiizime tena barabarani, maana unabeba roho za watu na ya kwako imo humo.

Kwanza uelewe kilichokuwa kinaizubaisha gari. Batani moja ile ina kazi mbili. Ukiibonyeza mara moja na kuachia unazima TRC peke yake, ndio ile inayoona tairi inazunguka bure ikapunguza nguvu ya injini na kuibana breki ile tairi. Kwenye lami iliyolowa hiyo ni rehema, lakini mchangani tairi inataka izunguke kidogo ndo gari isogee, sasa wewe unakanyaga kompyuta inapunguza, mnavutana. Kwa hiyo kuzima TRC ulipokwama, sawa kabisa, na kitabu cha gari chenyewe kinakuruhusu. Ukiishikilia zaidi ya sekunde 3 gari ikiwa imesimama ndo unazima na VSC pamoja nayo, na hapo ndo penye hatari, kwa sababu TRC ukiizima peke yake inajirudisha yenyewe mwendo ukipanda, lakini ukizima zote mbili hazirudi hata ufike spidi 80, mpaka uzibonyeze au uzime gari uwashe upya. Toyota wamefanya ijirudishe kila ukiwasha gari kwa makusudi, na wewe kila asubuhi unawapinga.

Sasa VSC inafanya nini. Kuna sensa kwenye usukani inasoma wewe unataka kwenda wapi, kuna sensa kila tairi, na ipo nyengine inayosoma gari yenyewe inageuka vipi. Bosch, ambao ndio waliotengeneza mfumo huu pamoja na Mercedes-Benz ukaingia barabarani mwaka 1995, wanasema unalinganisha mambo hayo mara 25 kwa sekunde moja. Umekata kona kushoto lakini pua inakwenda moja kwa moja porini? Inabana breki tairi ya nyuma ya ndani ya kona. Mkia ndo umekatika unataka kukupita? Inabana tairi ya mbele ya nje. Na hapo hapo inapunguza moto wa injini. Hebu fikiria kaka, wewe una pedali moja ya breki kwa tairi nne, hata uwe dereva wa miaka 30 huna namna ya kubana tairi moja peke yake. Kwa hiyo anayekwambia "mie najua kuendesha sihitaji" mwambie hili si suala la ujuzi.

RAV4 ni gari ndefu kwenda juu, na gari za namna hiyo ndo zinazofaidika zaidi. Mwaka 1997 waandishi wa magari kule Sweden waliijaribu Mercedes A-Class kwa kukwepa ghafla kama vile mnyama kakatisha njia, ikapinduka, na kampuni ikaamua gari zile zote ziwekwe mfumo huu. Kwetu mnyama anayekatisha ni ng'ombe au mbuzi, au mtoto katoka skuli, na wewe utavuta usukani tu bila kufikiri. Msimu wa karafuu ndo mbaya zaidi, majamvi yameanikwa kando ya njia na watu wamekaa hapo hapo, gari ikienda upande upande inamkuta nani? Ongeza mvua za masika, ule udongo mwekundu unaoburutwa na magari mpaka juu ya lami, vilima na kona za kwenda Mkoani, wallahi sioni sababu ya kuizima. Marekani utafiti wa taasisi ya bima za barabarani ulikuta ajali za vifo za gari moja peke yake zinapungua karibu nusu kwa gari zenye mfumo huu, na kuanzia gari za mwaka 2012 wameulazimisha kisheria.

Mafuta hayapungui, waambie wenzako. Tairi isipoteleza VSC imekaa inasoma tu. Huo wepesi unaousikia ni kuwa tairi zinaruhusiwa kuteleza unapokanyaga.

Ila nayo ina mpaka wake. Ukiingia kona na spidi isiyobebeka itakwenda tu, na tairi zikiwa kipara haina cha kushikia. Na tairi zote nne ziwe saizi moja, ukichanganya sensa zinasoma vibaya.

Ukenda tena Vumawimbi, punguza upepo wa tairi kabla hujaingia mchangani, bonyeza mara moja tu uone. Ikigoma ndo ushikilie, toka, simama njia ngumu, rudisha, jaza upepo.

SWALI: Mie niko Mwanakwerekwe. Taa ya VSC na ya injini zimewaka pamoja, fundi anataka kuchomoa fyuzi zisionekane.

JIBU: Mkatalie dada yangu. Kwenye Toyota nyingi injini ikiwa na kosa gari inazima VSC yenyewe, kwa hiyo ugonjwa huenda uko kwenye injini na si kwenye breki, wakati mwengine ni sensa ya moshi tu. Nenda kwa mwenye mashine ya kusomea kompyuta, asome namba ya kosa kwanza, na mpaka itengenezwe endesha taratibu ukijua VSC haifanyi kazi. Fyuzi ukiichomoa unaweza kuondoka na ABS pia, ule mfumo unaozuia tairi zisigande ukifunga breki ghafla.