Namba za kunoa picha hazihami nawe ukibadilisha kamera

Waalaikum salaam ndugu yangu. Nirudie swali lako kwa ufupi ili na wengine wafuate: umetoka kwenye kamera ya megapikseli 12 (4256 × 2832) ukaingia kwenye ya 45 (8256 × 5504), zote fremu kamili, yaani sensa (kipande kinachopokea mwanga) za ukubwa uleule. Vipimo vya kunoa umeviacha vilevile, na sasa nakshi za milango zinaonekana butu ukikuza hadi asilimia 100. Ukapandisha kiasi cha kunoa hadi 120, foromali ya jahazi (boriti inayobeba tanga) ikatoka na pindo jeupe pale inapokutana na anga. Kamera yako haina kasoro.

Kunoa ni kuongeza tofauti ya mwanga ukingoni tu: upande wa giza unakolezwa, upande wa mwanga unang'arishwa. Nusukipenyo ndicho kinachoamua ukingo huo uguswe kwa upana gani, na programu hukihesabu kwa pikseli. Sasa chukua mfaa wa mlango (ule mti wa katikati wenye nakshi), uujaze kwenye fremu sawasawa kwa kamera zote mbili. Mfereji wa nakshi uliokuwa na pikseli 5 sasa una karibu 10, kwa kuwa 8256 ukigawanya kwa 4256 unapata 1.94. Nusukipenyo cha 1.0 kinagusa nusu tu ya kilichokuwa kikigusa zamani. Tena asilimia 100 ya leo si ile ya jana: ni kama umesogeza pua mlangoni hadi nusu ya umbali wa mwanzo. Lazima uone ulaini zaidi, hata picha ikiwa nzuri.

Wengi watakwambia uzidishe nusukipenyo mara mbili. Mimi sikubaliani, maana inategemea ukungu umetoka wapi.

Upo ukungu wa sensa yenyewe. Kila pikseli huona rangi moja tu kati ya nyekundu, kijani na buluu. Mbili zilizobaki hukisiwa kutoka kwa majirani. Huo ni wa pikseli moja hivi, iwe kamera ya 12 au ya 45, na dawa yake ni nusukipenyo kidogo. Halafu upo ukungu wa lenzi, wa tundu la lenzi likifungwa dogo na wa mkono kutikisika. Huu upana wake haubadiliki juu ya sensa, kwa hiyo pikseli zikiwa ndogo unafunika nyingi zaidi. Kwa f/16, yaani tundu dogo, nukta ya mwanga hutanuka hadi kama mikromita 21. Pikseli ya kamera yako ya zamani ina takriban mikromita 8.45, ya hii mpya 4.35. Nukta ileile iliyofunika pikseli mbili na nusu sasa inafunika karibu tano.

Kwa Lightroom, programu ya kuhariri picha, vitelezi ni vinne kutoka juu: kiasi, nusukipenyo, undani (vitu vidogo vinolewe kiasi gani), barakoa (huzuia sehemu laini zisinolewe). Faili la RAW, yaani picha ghafi ya kamera, huanza na 40, 1.0, 25, 0. Kwa megapikseli 45 anzia hapa:

Mlango au ukuta wa matumbawe, kamera kwenye stendi, f/5.6 hadi f/8, ISO (wepesi wa sensa kwa mwanga) 100: 55, 0.8, 50, 20.

Mkononi kwenye vichochoro, au umefunga tundu hadi f/16: 65, 1.3, 25, 40.

ISO 3200 na zaidi, kama picha za usiku wa Maulidi: 35, 1.2, 10, 70. Undani ukiupandisha hapa unanoa chengachenga za ISO kubwa, hunoi kanzu wala nyuso.

Kitelezi cha barakoa kivute huku umebonyeza kitufe cha Alt: palipo peusi hapanolewi. Ukuta uliopakwa chokaa na anga viwe vyeusi kabisa. Lakini pindo la foromali barakoa hailiondoi, kwa sababu foromali ni ukingo mkali na barakoa huacha kingo kali zinolewe. Shusha undani hadi 15, kisha pitisha brashi juu ya foromali yenyewe ukiwa umeweka ukali wa brashi kwenye −30. Usivuke −50, ukivuka unaanza kutia ukungu.

Karatasi ndiyo inayokata shauri. Ukichapisha A3, upana wake milimita 420, picha ya 8256 inabeba karibu pikseli 20 kwa kila milimita. Pindo la pikseli moja ni milimita 0.05, jicho halilioni. Picha ya 4256 inabeba 10, pindo lilelile linakuwa milimita 0.1, na la pikseli mbili au tatu linaonekana waziwazi. Kwa hiyo kamera ya megapikseli nyingi inasamehe zaidi, ila ukikata picha ukabakiza nusu ya upana umerudi kwenye megapikseli 11 na msamaha umekwisha.

Picha ya mtandaoni punguza kwanza hadi upana wa pikseli 2048, ndipo unoe mara ya mwisho. Kutoka 8256 pikseli kama 16 zinakuwa moja, na kunoa kwa 0.8 kote kunamezwa. Unaponoa baada ya kupunguza, kwenye programu kama Photoshop, nusukipenyo 0.3 hadi 0.5 na kiasi 70 vinatosha.

Mtikisiko haunoleki, unapata kingo mbili badala ya moja. Lenzi ya milimita 50 uliyozoea kuipiga kwa 1/50 ya sekunde, sasa ipige 1/125, na ukiwa juu ya mashua usishuke chini ya 1/500. Na futa lenzi kabla ya kulaumu sensa, upepo wa kusi huleta chumvi ambayo huioni mpaka uielekeze kwenye mwanga.

Wanaotumia simu za megapikseli 50: nyingi huunganisha pikseli nne kuwa moja na kutoa JPEG ya 12 iliyokwisha kunolewa. Weka kiasi 0, noa wakati wa kuitoa picha kwenye programu tu.