Maswali ya wasomaji: Lori la mtu binafsi, kabla hujatoa pesa

SWALI: Nimepata tipa ya ekseli tatu, matairi kumi, hapa Nakuru. Ni ya mtu binafsi na bei yake iko chini ya zile za yadi. Mwenyewe anasema logibuku (hati ya umiliki) iko Sacco kwa sababu alichukulia mkopo. Anataka nimpe nusu ya pesa alipe deni, aitoe, kisha tumalizane. Anaonekana mtu mwaminifu. Kuna hatari gani? – Msomaji, Njoro

JIBU: Huenda ni mwaminifu kweli, na bado pesa zako zikapotea. Mtu mwenye deni mara nyingi hadaiwi na mmoja. Akishika nusu ya bei ya lori mkononi, kuna karo, kuna fundi anayemdai, kuna dereva ambaye hajalipwa, na Sacco inapata kinachobaki. Wewe utakuwa umelipia lori ambalo bado ni dhamana ya mtu mwingine, na mwenye dhamana ana haki ya kulivuta hata likiwa uani kwako.

Mpango wake si wa kukataa, ni wa kugeuza. Aombe Sacco barua inayotaja deni lililobaki hadi tarehe fulani, akaunti ya kulipia, na ahadi kwamba dhamana itaondolewa deni likiisha. Mkataba utiwe saini mbele ya wakili na ninyi wawili pamoja na Sacco. Pesa za deni zitoke benki yako ziingie akaunti ya Sacco bila kupitia kwake. Salio alipate lori likishahamishiwa jina lako. Akikataa hilo, umeokoa pesa zako kwa gharama ya barua moja.

Kabla ya yote hayo, fanya upekuzi wa aina mbili. Wa kwanza ni wa rekodi za NTSA, mamlaka inayosajili magari, kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, ambao ada yake ni KSh 550. Utakuonyesha jina la mmiliki, namba ya chasi, namba ya injini, aina ya bodi, na kama kuna benki iliyoandikwa pamoja na mmiliki. Wengi huishia hapo. Lakini tangu sheria ya mwaka 2017 kuhusu dhamana za mali inayohamishika, mkopeshaji anaweza kusajili haki yake katika daftari jingine, linalosimamiwa na Huduma ya Usajili wa Biashara, nalo liko eCitizen vilevile. Pekua humo kwa kitambulisho cha muuzaji na kwa namba ya chasi. Mtu anaweza kukuonyesha logibuku safi yenye jina lake peke yake na bado lori likawa limewekwa rehani mahali pengine.

Soma pia zile sehemu za rekodi ambazo hakuna anayezijali. Je, aina ya bodi imeandikwa tipa, au lori lilisajiliwa kuwa la bodi ya kawaida likageuzwa baadaye bila kusahihishwa? Namba ya injini ni ile iliyogongwa kwenye bloku? Injini ikibadilishwa bila NTSA kuarifiwa, hiyo ni kazi ambayo muuzaji aimalize kabla ya mauzo, kwa sababu baadaye itakuwa yako. Na kama mmiliki ni kampuni, dai CR12 (hati rasmi inayoonyesha wakurugenzi na wenye hisa) iliyotolewa karibuni na azimio la wakurugenzi la kuuza. Mkurugenzi mmoja anayeuza kimyakimya huleta kesi.

Neno moja kuhusu bei. Wauzaji hupenda kusema “hii inabeba tani ishirini”. Kwa sheria ya Afrika Mashariki ya udhibiti wa mizigo, ekseli ya usukani inaruhusiwa tani 8 na zile mbili za nyuma, zenye matairi manne kila moja, tani 18. Jumla ni 26, lori na mzigo wake. Ikiwa uzito mtupu ni tani 11, unabaki na mzigo halali wa tani 15, na mizani ya Gilgil haisikilizi maneno ya muuzaji. Piga hesabu ya mapato kwa tani 15. Kodi ya mapema ya KRA, mamlaka ya ushuru, nayo iko hapo: KSh 2,500 kwa kila tani ya uwezo kwa mwaka, yaani KSh 37,500 kwa tani hizo 15. Dai risiti zake pamoja na za ukaguzi wa kila mwaka.

SWALI: Nataka kununua lori lililokuwa likibeba miwa upande wa Muhoroni. Nina fundi wangu, lakini mwenye lori ametupa asubuhi moja tu. Fundi aanzie wapi? – Msomaji, Kisumu

JIBU: Aanzie chini ya lori, si kwenye injini. Lori la miwa huingia shambani kwenye udongo laini, hupakiwa hadi juu, kisha hutoka gurudumu moja likiwa mtaroni na jingine kwenye tuta. Kinachoumia hapo ni fremu, springi na difu (gia za ekseli ya nyuma). Injini hufunguliwa ikatengenezwa. Chasi iliyopinda hurudi kupinda.

Fundi alale chini na tochi. Atafute nyufa kwenye mashimo na mahali vishikio vya springi vinapofungwa, bolti zilizochukua nafasi ya riveti, bamba la chuma lililochomelewa juu ya fremu, na rangi nyeusi mpya iliyopakwa mahali pamoja tu. Rangi hiyo haipakwi kwa urembo. Kisha ashike futi ya kupimia: kutoka pini ya springi ya mbele kulia hadi ya nyuma kushoto, halafu mbele kushoto hadi nyuma kulia. Vipimo viwili vikitofautiana kwa zaidi ya sentimita moja hivi, fremu imekwenda upande. Ahesabu na majani ya springi kila upande. Majani ya ziada yanakwambia lori lilibebeshwa kupita kiasi kwa mazoea.

Akiwa huko, asugue namba ya chasi, ambayo kwenye malori mengi ya Kijapani imegongwa kwenye fremu ya kulia karibu na gurudumu la mbele. Alama za kusagwa au herufi zisizolingana kimo: ondokeni, hata kama bei ni tamu.

Injini ikaguliwe ikiwa baridi. Mwambieni mwenyewe tangu jana asiiwashe, na mkifika mguse bloku kwa kiganja. Ikiwa na joto, mna haki ya kuuliza kwa nini. Ikiwaka, moshi wa bluu unaoendelea ni oili inayoungua. Mweupe usiokwisha injini ikishapata joto ni maji kwenye silinda, au nozeli na taimingi. Mweusi mzito ni dizeli nyingi au hewa kidogo: nozeli, tabo, au filta ya hewa iliyoziba. Fungueni kifuniko cha oili injini ikiwa sailensa (inanguruma bila kukanyagwa mafuta) na mkiache juu ya tundu bila kukifunga. Kikirushwa au moshi ukipuliza kwa mapigo, ringi zimechoka, na hiyo ni ovahoo, yaani kufungua injini nzima. Rejeta ifunguliwe kabla injini haijapata moto: mapovu yasiyokoma au utando wa oili juu ya maji huashiria gasketi ya silinda hedi. Oili yenye rangi ya chai ya maziwa ni ugonjwa huohuo upande wa pili.

Breki za upepo zina kipimo chake. Jazeni matangi hadi geji itulie, zimeni injini, mtu akanyage pedali na aishikilie kwa dakika moja. Geji ikishuka kwa zaidi ya baa 0.2 hivi, kuna mahali panapovuja. Kisha fungueni vali za chini ya matangi. Maji kidogo ni kawaida. Oili nyingi ina maana kompresa imechoka.

Sasa barabarani, na lori liwe na mzigo. Lori tupu huficha kila kitu. Tafuteni mchanga mpakie, kisha mpande kutoka Mamboleo kwenda Kiboswa. Mlima huo utaonyesha kama sindano ya joto inapanda na kama klachi inateleza. Mkirudi chini, shukeni kwa gia nzito bila kukanyaga mafuta: gia inayojiruka yenyewe ni giaboksi ya kufunguliwa. Lori likivutwa upande mmoja mkifunga breki, anzeni na breki za mbele, kisha mpige jeki mtikise gurudumu juu na chini kupima kingi pini (pini ambayo gurudumu la mbele hugeukia) na beringi.

Matairi ni pesa nyingi kuliko watu wanavyodhani. Tazama tarakimu nne mwishoni mwa msimbo wa DOT ubavuni mwa tairi: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Ritredi (tairi kuukuu lililovishwa mpira mpya) nyuma si dhambi, mbele usikubali. Viti vilivyochanika na rangi ya kebini visikushughulishe, wala kilomita za kwenye dashibodi zisikufurahishe.

SWALI: Nilinunua lori miaka miwili iliyopita. Muuzaji alinipa logibuku, nakala ya kitambulisho, PIN na karatasi alizotia saini, nikaendelea na kazi. Sasa amefariki. Nafanyaje? – Msomaji, Bungoma

JIBU: Karatasi hizo hazitoshi. Uhamisho huanzishwa mtandaoni na mmiliki kupitia akaunti yake mwenyewe, na saini yake haiwezi kubofya chochote. Lori bado ni lake kwenye rekodi, kwa hiyo warithi wanaweza kulihesabu kama mali ya marehemu. Nenda kwa familia mapema, ukiwa na mkataba na ushahidi wa malipo, ukaombe lori litajwe kwenye kesi ya mirathi kama mali iliyokwisha kuuzwa. Msimamizi aliyethibitishwa na mahakama ndiye atakayekuhamishia. Kwa wengine: Sheria ya Trafiki hairuhusu gari litumike barabarani zaidi ya siku 14 baada ya kuuzwa kabla mmiliki mpya hajasajiliwa.

SWALI: Stika ya bima ya muuzaji imebakiza miezi mitano. Naweza kuimalizia? – Msomaji, Kakamega

JIBU: Hapana. Bima ni mkataba wake na kampuni yake, si wa lori. Nunua yako kabla ya kuliondoa uani, na mkataba wa mauzo uandike tarehe na saa ya makabidhiano, ili ajali ya asubuhi isibishaniwe jioni.