Ukianza kusoma nyuki wa porini, usiwaruke wadoezi

Nyie mnaoanza, kitu kimoja nawaomba mkishike mapema, si kila nyuki anajenga na kukusanya chavua. Wapo wadoezi, yaani jike anamwacha mwenzake ahangaike kuchimba kiota na kuweka chakula, afu anaingia kutaga yai lake humo humo.

Shida ni kwamba wengi hata hawafanani na nyuki. Nomada kwa mfano ana njano na wekundu, manyoya kidogo sana, watu wanamwandika nyigu na kuendelea. Rangi isikudanganye, angalia miguu ya nyuma. Jike anayekusanya kwa kawaida ana manyoya ya kubebea chavua miguuni au chini ya tumbo, mdoezi hana, ya nini kwake? Ila hapo hapo tulia, maana dume hata wa nyuki wa kawaida naye hana, so kabla hujasema chochote chukua lenzi uhesabu pingili za papasi, yaani zile pembe za kichwani, jike 12, dume 13. Hii hatua wengi wanairuka na ndo inayowaharibia orodha nzima.

Afu jifunzeni kukaa. Kaa pembeni ya mashimo ya Andrena, nyuki wanaochimba viota ardhini, jua likishapanda, usitembee tembee, utaona Nomada anaruka chini chini karibu na udongo, anatua mdomoni mwa shimo, anapapasa, na mwenye shimo akiwa hayupo anazama ndani. Yai analichomeka kwenye ukuta wa chumba. Buu linalotoka lina taya ndefu zilizopinda kama mundu, linaua yai au buu la mwenyeji, yaani mwenye kiota, likijivua ngozi zile taya kubwa zinaondoka maana kilichobaki ni kula tu. Mi kila nikilifikiria hili nashangaa upya kabisa.

Sphecodes, mdoezi mwingine, yeye mara nyingi jike mwenyewe ndo anaharibu yai la mwenyeji. Coelioxys, mdoezi yule wa tumbo lililochongoka, mtafute kwa Megachile wanaokata majani.

Na tafadhali msiwaue kwa kuwaonea huruma wenyeji, mdoezi hadumu mahali ambapo wenyeji wameisha, kwa hiyo ukimwona ujue wenye viota nao wapo. Kwenye daftari andika wote wawili, saa, hali ya hewa, na shimo gani aliingia, maana ukiwa na mdudu kwenye pini peke yake hutajua alikuwa anadoea kwa nani.