Kabla ya bei ya simu, uliza bei ya kioo

"Kioo orijino laki sita na themanini, dada. Hapo ni pamoja na fremu."

Fundi alisema hivyo bila kuinua macho, anapuliza vumbi kwenye simu ya mtu mwingine. Tulikuwa Kariakoo, mtaa wa Aggrey, saa nne asubuhi. Nilikuwa nimeamka nikakuta mstari wa kijani, mwembamba kama uzi wa cherehani, umeshuka kutoka juu hadi chini upande wa kushoto wa kioo changu. Simu haikuanguka, wala hakuna aliyeikalia. Nililala nayo nzima.

Simu yenyewe ni Android, ya daraja la juu kabisa kwa mwaka 2021. Niliinunua ikiwa imeshatumika, kwa shilingi 1,250,000. Siku ya mstari nilikuwa nimekaa nayo miaka miwili na nusu, na kama ningeiuza nisingepata zaidi ya 600,000. Yaani fundi alikuwa ananiuzia kioo ghali kuliko simu. Kampuni iliyoitengeneza siitaji. Mistari ya namna hii imeonekana kwenye vioo vya OLED, vile ambavyo kila nukta inajiwakia yenyewe, vya kampuni zaidi ya moja, na mimi sina kesi na mtu. Ninachotaka ni wewe unayedunduliza hela ya simu kubwa, yaani ya daraja la juu, ujue swali la kuanza nalo. Dukani kila mtu atakupa bei ya simu na idadi ya megapikseli. Wewe toka kwanza, vuka barabara, muulize fundi: kioo chake shilingi ngapi, betri yake shilingi ngapi, na vipo? Akijikuna kichwa na kusema "hicho mpaka tuagize", umeshapata jibu lako.

Kulikuwa na kioo cha kopi cha 180,000. Nilikishika mkononi. Kilikuwa kinene, weusi wake ulikuwa wa kijivu kama maji ya kufulia, na fundi, namshukuru, hakunificha: kwenye simu ambazo kidole kinasomwa chini ya kioo, kopi hizi haziwezi kazi hiyo. Kioo orijino cha OLED kinapitisha usomaji wa kidole. Kopi ya LCD ina tabaka la taa nyuma yake linaloziba. Nikafikiria kuandika namba ya siri kila nikifungua programu ya benki mbele ya watu kwenye mwendokasi. Nikarudi nyumbani na mstari wangu. Nimeuzoea, kama mtu anavyozoea ufa wa ukutani.

Makosa mengine niliyafanya siku ya kununua. Muuzaji alikuwa kijana mwenye maneno matamu. "Hii mali ya Korea, dada, hata mkwaruzo haina." Na kweli ilitoka Korea, na kweli haikuwa na mkwaruzo. Asichosema ni kwamba simu kubwa za miaka ile zilizotengenezwa kwa soko la Korea Kusini zilikuja na nafasi ya laini moja tu. Mimi nina laini mbili, kama watu wengi hapa: moja ya wateja na M-Pesa, nyingine ya familia na bando. Niligundua nikiwa nimeshafika nyumbani, nimekaa kitandani na sindano ya kutolea laini, nageuza kile kitrei juu chini nikitafuta tundu la pili. Matokeo yake, mwenye simu ya milioni na ushee anatembea na kitochi, simu ndogo ya batani, kwenye mkoba. Kitochi hicho, kwa taarifa yenu, kinakaa na chaji siku tano.

Jambo la pili kuhusu simu za Korea nililijua kwenye akdi ya mdogo wangu. Shekhe yuko katikati ya hotuba ya ndoa, sebule nzima kimya, nikasogea kwenye pazia nipige picha moja ya bwana harusi. Kachaa! Sauti ya kamera ikalia kama mlango wa gari. Nikashusha sauti ya simu mpaka mwisho, nikapiga tena. Kachaa! Shangazi alinitazama jicho moja ambalo sitalisahau. Kule Korea Kusini, na Japani pia, simu huuzwa zikiwa na sauti ya kamera isiyozimika, ili watu wasipigwe picha kwa siri. Nia nzuri kabisa, ila si kwenye akdi. Ilibidi kijana mmoja mjuzi aingie kwenye mipangilio ya ndani kabisa ndipo ikanyamaza.

Kwa hiyo ukinunua iliyotumika, usiangalie mwili tu. Angalia namba ya modeli. Kwa simu za Samsung herufi ya mwisho inasema ilikotoka: N ni Korea, U ni Marekani, B ni ile ya soko la kimataifa, na hiyo B ndiyo ya kutafuta. Za Marekani nyingi zilifungwa na mitandao ya kule, na kufunguliwa kwake wakati mwingine ni kwa ujanja ujanja. Piga *#06# upate IMEI, ile namba ya utambulisho wa simu, uilinganishe na ya kwenye boksi kama boksi lipo, kisha itume kwa ujumbe kwenda 15090. TCRA, mamlaka ya mawasiliano, watakujibu ni simu gani. Jibu likitaja simu tofauti na uliyoshika, mrudishie mwenyewe uende zako. Wanaokumbuka Juni 2016, simu feki zilipozimwa nchi nzima usiku mmoja, hawahitaji kuelezwa. Halafu mwambie muuzaji aifute simu yote mbele yako na uiwashe upya. Ikidai akaunti ya Google ya mtu usiyemjua, hiyo bado ni mali ya mtu.

Sasa betri. Hapa ndipo simu kubwa inapozeeka kabla ya kitu kingine chochote.

Mwaka wa kwanza nilikuwa natoka Mbagala na chaji kamili saa kumi na mbili asubuhi na kurudi saa mbili usiku bado ina asilimia 30. Mwaka wa pili ikawa inafika jioni kwa taabu. Wa tatu, saa nane mchana naanza kuuliza watu kama wana chaja. Inafika asilimia 18, inazima ghafla, bila hata kuaga. Betri ya lithiamu inachakaa kwa kuchajiwa na kutumika, hilo halina dawa, lakini joto ndilo linaloimaliza, na Dar es Salaam ya Februari unaijua. Mimi nililiongezea: simu iko kwenye kava nene la plastiki, imeunganishwa kwenye chaja ya kasi, imewekwa juu ya godoro, mwenyewe niko kwenye simu ya video na mteja. Ukiigusa mgongoni unaweza kuifananisha na chapati iliyotoka kwenye kikaango. Hapo betri inachajiwa, inatumika na inapikwa kwa wakati mmoja.

Ulaya wameweka kanuni iliyoanza Juni 2025: betri ya simu mpya inayouzwa huko lazima ivumilie mizunguko 800 ya chaji kamili na bado ibaki na angalau asilimia 80 ya uwezo wake. Piga hesabu. Anayemaliza chaji nzima kila siku anafikisha 800 ndani ya miaka miwili na miezi miwili hivi. Mimi nilinunua simu ambayo mtu wa Korea alishaitumia, hivyo sehemu ya mizunguko hiyo aliila yeye.

Nikabadilisha betri kwa 95,000, dakika arobaini, nimekaa kwenye kigoda nakunywa soda. Ni hela niliyoitumia vizuri kuliko zote kwenye simu hii. Siku ile ile ikarudi kufika usiku. Tangu hapo natumia kikomo cha chaji, kile kinachoizuia isipite asilimia 80. Simu kubwa nyingi za Android zinacho ndani ya mipangilio ya betri. Navua kava nikichaji, nachaji mezani, na sijaiacha tena juu ya dashibodi ya gari la mtu. Betri mpya ina mwaka sasa, bado ina nguvu.

Jambo dogo hapa, maana lilikaribia kunila hela. Kuna kipindi chaja ilikuwa haikai, mpaka uishike kwa pembe fulani, uweke kitabu juu ya waya. Nilishanunua waya mpya mara mbili. Fundi akachukua kijiti cha kuchokolea meno, simu imezimwa, akachokoa taratibu kwenye tundu la chaji, na likatoka donge la nyuzinyuzi za mkoba wangu, kijivu, limeshindiliwa kama sufi ndani ya mto. Waya ukaingia, "tak". Hakunitoza kitu. Kabla hujanunua chaja, chungulia tundu kwa tochi.

Kuna bei nyingine ya kubadilisha betri ambayo haipo kwenye risiti. Ili kuifungua simu fundi hupasha mgongo joto na kuyeyusha gundi, na ile gundi ndiyo iliyokuwa inazuia maji. Ile IP68 inayotangazwa, alama ya kuzuia maji na vumbi, inapimwa maabara, kwa maji yasiyo na chumvi, simu ikiwa mpya. Haikuwahi kuhusu maji ya bahari, na baada ya fundi haihusu tena kitu chochote. Nilikuwa mtu wa kuosha simu bombani kwa kujionyesha. Sasa nikienda Kigamboni inakaa kwenye mfuko wa plastiki, na ya kupigia picha ufukweni naazima.

Kamera ndiyo iliyonifanya nitumie hela yote hiyo. Nauza vitenge na mitandio kwa WhatsApp na Instagram, na picha ndiyo duka langu. Kwa hilo simu haijaniangusha mpaka leo: picha ya jioni, taa ya duka moja tu, nyuzi za kitambaa zinahesabika. Mahafali ya chekechea ya binti yangu nilikaa kiti cha nyuma kabisa na nikamvuta mpaka pengo la jino linaonekana. Simu za laki tatu hazifanyi hivyo, nisikudanganye.

Ila ilinigombanisha na mteja wa Dodoma. Alipokea kitenge, akanitumia ujumbe wa sauti: "Dada, mbona kwenye picha kilikuwa chekundu, huku kimekuja rangi ya matofali?" Nikakitoa kingine cha aina ile ile stoo, nikakiweka pembeni ya simu. Kweli, kioo changu kilikuwa kinaongeza rangi. Vioo hivi hutoka kiwandani vikiwa na rangi kali za kumvutia mtu dukani, na mimi nilikuwa nahariri picha kwa kuamini kioo kinachotia chumvi. Nikabadilisha mpangilio wa rangi za kioo kwenda ule wa asilia, nikazima maboresho ya kamera, na sasa kila kitambaa nakipiga mlangoni saa tatu asubuhi, kivulini, pembeni nimeweka karatasi nyeupe. Wiki ya kwanza kioo kitaonekana kimefifia. Vumilia, macho yatazoea. Mteja nilimrudishia hela yake, kitenge kikabaki kwake.

Nafasi ya kuhifadhi: nunua GB 256 au usinunue. Simu kubwa nyingi siku hizi hazina sehemu ya memori kadi, Google waliacha kuhifadhi picha bure bila kikomo tangu Juni 2021, na chelezo ya WhatsApp, ile nakala ya akiba, nayo sasa inakula zile GB 15 za bure za akaunti ya Google. Yangu ni 128. Kikundi cha ukoo peke yake, na zile video zao za kitchen party, kiliwahi kukalia GB 19.

Na masasisho, yaani programu mpya na viraka vya usalama vinavyotumwa na kampuni. Za mwaka 2021 kama yangu ziliahidiwa miaka michache tu, kwa hiyo zimeshafika mwisho au ziko karibu. Kuanzia Pixel 8 ya Oktoba 2023 na Galaxy S24 ya Januari 2024, Google na Samsung waliahidi miaka saba. Kama hela yako inatosha moja ya hizo ikiwa imetumika mwaka mmoja au miwili, hiyo naona ina maana kuliko mpya ya daraja la kati kwa bei ile ile, mradi pembeni umetenga 100,000 ya betri. Kama kutoa laki hiyo kutakufanya ulale njaa, chukua ya daraja la kati, mpya, yenye waranti, vioo vyake vinauzwa kila kona.

Ndugu zangu wa bodaboda na Bolt mnaofunga simu kwenye usukani, nyie ziacheni kabisa hizi za kamera nzito. Lenzi zake zinaelea ndani ili kutuliza mkono unaotetemeka, na mtetemo wa injini unaziharibu. Apple wenyewe waliwaonya wateja wao kuhusu pikipiki mwaka 2021, na Android zenye lenzi za namna hiyo hazina mwili tofauti.

Mpwa wangu kanitumia picha ya simu anayoitaka, imewekwa juu ya meza ya muuzaji, inang'aa, ya kukunja katikati kama pochi. Ana milioni moja na laki nane za mkopo wa kikoba. Nimempigia fundi wangu kumuulizia kioo cha ndani. Kanyamaza kidogo kwenye simu, kisha akauliza, "Dada, huyo kijana ameshalipia?"