Lumbesa ya makubaliano

SWALI: Asalaam aleikum, Ustadhi. Nalima viazi mviringo huku Uyole, Mbeya. Tajiri anayenunua kwangu ni Mwislamu mwenzangu, swala haimpiti, ila gunia lake lazima liwe lumbesa, yaani lijazwe kupita mdomo na kuongezwa kilemba juu. Nikilalamika anasema, "Si tumekubaliana? Na mizani ni mambo ya serikali, usiyaingize kwenye dini." Ana haki?

JIBU: Wa aleikumu salaam, ndugu yangu. Hana haki, na hilo neno lake la mwisho ndilo lililoniuma zaidi.

Nimekulia Njombe, baba yangu mkulima. Kile kilemba nakijua kinavyoshonwa: gunia limeshajaa, linaungwa kipande cha gunia jingine, viazi vinapangwa kimoja kimoja, kamba inazungushwa. Mwaka mmoja baba aliazima mizani dukani tukapima: kilo 138. Akalipwa gunia moja.

Sura ya 83, Al-Mutaffifin, inaanza na ole kwa wapunjaji: wakijipimia kwa watu hutaka kipimo kitimie, wakiwapimia watu hupunguza. Huyo ni tajiri wako.

Kuridhiana kumetajwa kweli katika Qur'ani (4:29). Fikihi, yaani elimu ya sheria ya Kiislamu, inaruhusu hata kuuza rundo bila kulipima, mradi nyote mmeliona. Lakini hapo mmeuziana rundo. Kutaja gunia ukabeba gunia na zaidi ni habari nyingine. Tena ni ridhaa gani hiyo, viazi vimeshachimbwa, mvua inanyesha na lori linaunguruma?

Ama serikali: Mtume (s.a.w.) alipita sokoni, akatia mkono katika rundo la chakula, vidole vikakuta majimaji. Akamwuliza mwenyewe kwa nini hakuyaweka juu watu wayaone, kisha akasema mwenye kughushi si katika yeye. Baadaye miji ya Kiislamu ikawa na muhtasib, ofisa wa kuzunguka masokoni akikagua mizani na vipimo. Kazi hiyo iliitwa hisba. Basi ofisa wa Wakala wa Vipimo anayekataza gunia kuzidi kilo 100, hata kama si Mwislamu, anafanya kazi tunayoijua tangu zamani.

Peke yako hutaweza, maana ukikataa atahamia kwa jirani. Kaeni wakulima wa kitongoji kizima, changeni mnunue mizani moja, muuze kwa kilo, na mzigo usipande lori kabla ya kupimwa. Halafu mwombe imamu wenu aisome sura hiyo kwenye khutba ya Ijumaa, msimu wa mavuno, tajiri akiwa amekaa safu ya mbele.