Mkeka ukitoka na msimu ukifunguliwa, anza na Gazeti la Serikali

Kila mwaka ikikaribia Julai simu yangu haipumziki. Mmoja anauliza msimu wa uwindaji unafunguliwa lini, mwingine kaona mkeka (ile orodha ya walioteuliwa na waliotenguliwa na Rais) umetoka usiku, mkubwa fulani wa wanyamapori katenguliwa, sasa anataka kujua kibali chake bado kinafaa au aanze upya, mwingine yupo kijijini ndani ya jumuiya ya hifadhi (vijiji vinavyotunza wanyamapori kwa pamoja) kaletewa barua na kampuni na hamjui hata huyo aliyesaini. Mimi nimefanya kazi ya makaratasi ya uwindaji kwa muda mrefu, kwanza kwenye ofisi ya kampuni ya uwindaji wa kitalii kule Arusha, halafu nikawa nasaidia vijiji kusoma mikataba yao kabla hawajaweka mhuri, na ninachowaambia wote ni kilekile: anza na Gazeti la Serikali. Watu wengi wanalisikia tu, hawajawahi kulifungua.

Gazeti lenyewe jina lake kamili ni Gazeti la Jamhuri ya Muungano wa Tanzania, linatoka kila Ijumaa, na juu limeandikwa linatolewa kwa idhini ya Serikali. Ukifungua ndani utakuta nani kateuliwa na nani kakabidhiwa madaraka, hati za ardhi zilizopotea, matangazo ya makampuni, halafu kuna nyongeza zenye sheria na kanuni. Kanuni za uwindaji zinakaa humo kwenye nyongeza, na kila moja inapewa namba ya Tangazo la Serikali, ile tunayoiita GN. Kwa hiyo uteuzi wa mkubwa na kanuni za kuwinda nyati vinapita mlango mmoja, na ndio maana mimi huwa sivitenganishi. Mtu akikwambia kanuni imebadilika, muulize GN namba ngapi ya mwaka gani. Akishindwa kukutajia, basi subiri, usihamishe hata hema.

Ukishaipata hiyo GN kuna kitu kimoja naomba ukiangalie kwa makini sana, tarehe. Ziko mbili. Juu kabisa pembeni ya namba kuna tarehe iliyochapishwa, halafu chini mwisho wa kanuni, pale kwenye jina la waziri na neno Dodoma (au Dar es Salaam kwa zile za zamani), kuna tarehe aliyosaini. Hizi mara nyingi hazifanani, zinaweza kupishana wiki kadhaa, na watu wanagombana kwa sababu mmoja kashika ya juu mwingine kashika ya chini. Sheria ya Tafsiri ya Sheria, Sura ya 1, inasema kanuni inaanza kutumika siku ilipochapishwa kwenye Gazeti, isipokuwa kama yenyewe imetaja siku nyingine. Kwa hiyo waziri anaweza kuwa kasaini, picha yake akiwa na kalamu imezunguka mitandaoni, na bado kanuni haijaanza kufanya kazi. Ya juu ndiyo unayoishika.

Sasa msimu. Kwa uwindaji wa kitalii Tanzania Bara msimu unaanza tarehe 1 Julai unaishia 31 Machi, na ukiishi huku utaelewa mara moja kwa nini ni Julai. Masika imeisha, nyasi zimelala, barabara za porini zinapitika, wanyama wanasogelea maji, na unaona vizuri unachokipiga kama ni dume au jike. Miezi ya mvua kubwa pori linapumzika na wanyama wengi wanazaa. Kampuni nyingi kazi yao kubwa inaisha kabla ya mwaka mpya maana mvua zikianza gari linakwama na mteja halipi kuja kukwama. Ila msimu kufunguliwa haina maana kila mwenye bunduki aingie porini, hapa ndipo vijana wengi wanapokosea. Lazima uwe na leseni, na leseni inataja mnyama gani, wangapi, na eneo gani, na kwa kampuni kila kitalu, yaani eneo la pori ililopewa kuwinda, kina kota yake ya mwaka, idadi ya wanyama wanaoruhusiwa, kota ya mnyama huyo ikiisha imeisha hata kama imebaki miezi sita. Halafu kuna makatazo ambayo hayaangalii msimu, usiku huwindi, juu ya gari hupigi, jike mwenye mtoto humgusi, mitego, mashimo na sumu ni marufuku, na twiga usimfikirie kabisa, yule ni alama ya taifa. Simba ni dume peke yake na awe ametimiza miaka 6, kanuni za kuanzia 2010 ndizo zilileta hiyo ya miaka, na mwindaji bingwa mzuri, yule anayemwongoza mteja porini, utamuona anakaa na darubini muda mrefu anaangalia pua na manyoya ya shingoni kabla hajamruhusu mteja kuinua bunduki. Pua ya simba kijana ni ya pinki, akikua inaingia madoa meusi kidogo kidogo, ila haitoshi peke yake, unaisoma pamoja na manyoya na umbo zima. Mwindaji anayeharakisha hapo simpendi, na kama wewe ni msimamizi unayeongozana naye una haki ya kusema hapana.

Kuhusu mkeka. Usiku taarifa ya Ikulu inatoka, Rais kateua fulani kuwa hiki, katengua uteuzi wa fulani, na asubuhi ofisini kila mtu ananong'ona. Naelewa wasiwasi huo maana kwenye wanyamapori vyeo vikubwa vingi ni vya uteuzi, Mkurugenzi wa Wanyamapori anateuliwa na Rais, Kamishna wa Uhifadhi wa TAWA (Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania) vilevile, waziri ndio kabisa. Angalia wizara ya Maliasili na Utalii peke yake, kuanzia Desemba 2020 hadi Agosti 2024 alikaa Damas Ndumbaro, akaja Pindi Chana, akaja Mohamed Mchengerwa, akaja Angellah Kairuki, akarudi tena Pindi Chana. Kama kila waziri akiondoka vibali vinakufa pori lingekuwa halina utaratibu kabisa. Haiko hivyo. Madaraka ni ya kiti siyo ya mtu, kilichosainiwa kihalali na aliyekuwa kwenye kiti siku ile kinaendelea mpaka muda wake uishe au kifutwe kwa utaratibu, na aliyekalia kiti leo anarithi yote. Kwa hiyo ukisikia mtu anakwambia mkubwa wako katumbuliwa lete hela tukusainie upya, huyo anakutafuta. Nimeona watu wazima wakilipa kwa maneno hayo hayo.

Kinachobadilika kweli ni kitu kingine, siku. Mtu aliyetenguliwa Jumatatu hawezi kusaini Jumatano, na aliyeteuliwa anaanza siku iliyoandikwa kwenye uteuzi wake, kuna uteuzi unaanza mara moja na kuna unaotaja tarehe, na kuna vyeo ambavyo mtu lazima ale kiapo kwanza, kama waziri. Barua ikija kipindi cha mkeka mimi naweka tarehe ya barua pembeni ya tarehe ya uteuzi nalinganisha kabla sijasoma hata kichwa cha habari.

Halafu ile kny. Kila mfanyakazi wa ofisi Tanzania anaijua, barua imeandikwa jina la mkubwa lakini mbele ya saini kuna kny, yaani kasaini mwingine kwa niaba yake. Hakuna ubaya, kazi ni nyingi na wakubwa wanasafiri, ila kwa jambo zito kama kitalu au kibali cha kuingia kwenye ardhi ya kijiji usione haya kuuliza huyu aliyesaini ana cheo gani na kakasimiwa na nani. Kaimu ni tofauti, kaimu amekalia kiti kwa muda na ana barua ya kukaimu, muombe akuonyeshe au upate nakala. Wazee wa vijiji wengi wanaogopa kuuliza wanaona kama wanamdharau mgeni. Nawaambia mzee, uliza kwa heshima, mkaribishe kiti, mpe maji, kisha muulize cheo chake, mtumishi safi hatakasirika hata kidogo.

Na cheo siyo suala la heshima tu, kinaamua kesi. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya 2009, Sura ya 283, imetaja ni nani anayeweza kusaini hati ya thamani ya nyara (nyama, pembe, ngozi na vitu vingine vya mnyamapori) inayopelekwa mahakamani. Mahakama ya Rufani imewahi kuitupa hati kama hiyo kwa sababu aliyeisaini alikuwa askari wa cheo ambacho sheria haikukitaja. Fikiria hapo, mtu kahukumiwa miaka 20, na hoja iliyobeba rufaa ni cheo cha aliyesaini karatasi. Kwa askari wetu wa wanyamapori ambao wanalala porini na kunyeshewa, inauma kuona kazi yao inaanguka namna hiyo, ndio maana nikikaa nao nawasisitiza, ukikamata nyara mpelekee mwenye cheo kinachotakiwa aithaminishe, usisaini wewe kwa kuwa upo karibu.

Hiyo miaka 20 siyo ya kutishia watoto. Kukutwa na nyara za serikali bila kibali, thamani ikizidi shilingi milioni moja, adhabu ni kifungo cha miaka 20 hadi 30, au faini isiyopungua mara kumi ya thamani, au vyote, na inasomwa kama kesi ya uhujumu uchumi. Na watu hawajui hesabu inavyofanyika, ukikutwa na vipande viwili vya nyama ya pundamilia kwenye sufuria hawapimi kilo, wanahesabu pundamilia mzima, maana hukumkata mguu akabaki anatembea. Mnyama mmoja wa hivyo peke yake anavuka milioni. Kijana anaingia jela akiwa na miaka 22 anatoka ana 42 kwa ajili ya kitoweo. Hili linaniumiza kuliko mengine yote ninayoandika hapa na ningependa kila mwenyekiti wa kitongoji alisome kwenye mkutano.

Kwa nyamapori ya halali njia ipo. Kuna kanuni za uuzaji wa nyamapori za mwaka 2020 zilizoruhusu mabucha yenye leseni, unanunua kama nyama nyingine, ila dai risiti na uitunze mpaka nyama iishe nyumbani siyo mpaka ufike stendi. Kama unasafiri nayo kwenye basi risiti iwe mfukoni kwako, usimpe konda. Nyama ya kupewa na jirani usiku kwenye mfuko mweusi usipokee hata kama jirani ni mtu wa dini.

Zile fowadi za kwenye magrupu ya WhatsApp sasa. Kila Juni inatembea picha ya ukurasa mmoja wa kanuni, imekatwa juu, haina namba haina tarehe, na mara nyingi ni ya miaka ya nyuma. Kanuni za uwindaji zimeandikwa upya 2010, zikaandikwa tena 2015, na baada ya hapo kumekuwa na marekebisho, vitalu navyo vilikuwa vinagawiwa, tangu 2019 vinakwenda kwa mnada wa mtandaoni, kwa hiyo ukurasa wa 2010 ukiufuata leo unapotea. Ingia TanzLII, tovuti ya sheria na hukumu za Tanzania, ni bure, tafuta kwa jina la sheria au namba ya GN, au nenda maktaba au ofisi ya wilaya uombe kuona nakala. Angalia pia kama imefutwa, kanuni mpya huwa inasema mwishoni inafuta ipi. Na kama unashika Sura ya 283 yenyewe hakikisha ni Toleo la Urekebu la 2023 lililoanza kutumika Julai 2025, maana kwenye matoleo mapya namba za vifungu zinaweza kuhama, usiende kubishana na namba ya kwenye kitabu cha zamani. Zamani kikwazo kilikuwa lugha, karibu kanuni zote ziliandikwa kwa Kiingereza, tangu marekebisho ya 2021 Kiswahili ndicho lugha ya sheria, ila nyingi za nyuma bado zipo kwa Kiingereza hivyo tafuta mwalimu wa sekondari akusaidie kabla ya kutafuta dalali.

Wasomaji wa Zanzibar, hii sheria ninayoizungumzia ni ya Bara, ninyi mna Gazeti lenu na sheria zenu. Wa Kenya ndugu zangu msitafute msimu, uwindaji ulipigwa marufuku kwenu 1977 na haujarudi. Hata sisi tuliwahi kufunga, kuanzia 1973 hadi 1978, na hakuna kinachozuia eneo fulani au mnyama fulani kufungwa tena katikati ya mwaka kwa tangazo moja la Ijumaa, kwa hiyo kama una kambi inayoanza kazi Julai weka mtu mmoja ofisini kazi yake kila Ijumaa ni kuangalia Gazeti, apige simu kambini hata kama hakuna kitu, na nakala za leseni, barua za kukaimu na risiti za kota ziwe mbili, moja kambini kwenye boksi lisiloingia maji na nyingine mjini.